Shilingi Sitini Kwenye Mfuko wa Gofu

Bia nzuri kuliko zote nilizowahi kupika haijawahi kufika kwenye kiwanja cha gofu, na sina mpango wa kuifikisha. Ni IPA, aina ya bia yenye uchungu na harufu kali, ya asilimia 6.5, imejaa hopsi za Kimarekani, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, ukiifungua sebuleni harufu ya maembe na maganda ya chungwa inamfikia aliyeko jikoni. Wageni wanaisifu, wengine wanaomba chupa ya kuondoka nayo. Lakini siku ya gofu naipita kabatini kama sijaiona, nachukua chupa za plastiki zenye bia nyeusi nyeusi, nyepesi, isiyo na povu la maana, ambayo mtu akiionja sebuleni husema "mh, si mbaya" kwa ile sauti ya kukutunzia heshima.

Nieleze kwanza ni gofu gani, maana mtu wa nyumbani akisikia gofu anaona Gymkhana, ada ya uanachama, kedi anayebeba mfuko na magari yaliyopangwa nje. Mimi naishi Edinburgh, Uskoti, upande wa Marchmont, kwenye yale maghorofa ya mawe ambayo ngazi zake zinakumaliza pumzi ukiwa na ndoo ya kimea mkononi. Nikishuka na kutembea kidogo nafika Bruntsfield Links, uwanja wa wazi wa umma ambako watu wamepiga gofu kwa karne nyingi. Vyama vikongwe vya mchezo huo mjini hapa vilicheza pale kabla ya kuhamia viwanja vikubwa zaidi, na baa iliyo pembeni inajitangaza kuwa ipo tangu 1456. Ingekuwa hivyo, basi ilifunguliwa mwaka mmoja tu kabla bunge la Mfalme James II halijapiga marufuku gofu na mpira wa miguu kwa kuwa watu walikuwa wanaacha mazoezi ya upinde. Leo kiwanja ni cha mashimo mafupi, 36 wakati wa kiangazi, na hulipi kitu. Kanuni za gofu zinaruhusu fimbo 14. Pale mbili zinatosha, moja ya kuinua mpira na moja ya kuusukuma shimoni. Ukivuka Meadows, ule uwanja mwingine unaopakana nao, uko Chuo Kikuu cha Edinburgh alikohitimu Mwalimu Nyerere mwaka 1952, na hakuna Mtanzania aliyenitembelea ambaye sijamwonyesha.

Kunywa pale hakuna tatizo mradi usilete fujo. Glasgow wana sheria ndogo inayokataza kunywa pombe hadharani. Edinburgh haina katazo la jumla kama hilo, ndiyo maana jua likitoka utaona nusu ya mji imelala kwenye nyasi na makopo yake. Viwanja vyenye klabu na baa ni jambo jingine kabisa. Huko wanauza vya kwao kwa leseni, na ukionekana umebeba chako wanakuomba ukirudishe kwenye gari, nao wana haki. Kupika bia nyumbani kwa matumizi yako, bila kuuza, ni ruksa bila leseni Uingereza nzima tangu bajeti ya 1963. Kabla ya hapo sheria ya tangu 1880 ilimtaka hata mpikaji wa jikoni awe na kibali.

Mimi kupika sikujifunza huku. Nimekulia Marangu, kwa bibi ambaye mbege yake, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ilikuwa inaulizwa na watu wa kijiji cha pili. Nilisaga ulezi uliooteshwa, nilimenya ndizi mbivu kabla sijajua kusoma vizuri, na nilijua ladha ya msesewe, lile gome la mti linaloipa mbege uchungu, mapema kuliko ilivyostahili. Kwa hiyo nilipoanza kuloweka shayiri huku, mambo mengi niliyakuta ni yale yale: nafaka iliyooteshwa, maji ya moto, kitu kichungu cha kuzuia utamu usichoshe, na subira. Kigeni kilikuwa chupa. Mbege haijui chupa. Inanywewa ikiwa hai, ikichemka yenyewe, na ukiifungia kwenye kitu kisichopumua itakuonyesha kazi.

Na hapo ndipo gofu ilipoanza kunifundisha, kwa sababu bia ya kiwanjani kwanza ni mzigo. Bia yangu, kama ya wapikaji wengi wa nyumbani, inapata gesi ndani ya chupa. Unaongeza sukari kidogo wakati wa kujaza, hamira iliyobaki inaila, gesi inanaswa, na hamira ikimaliza kazi inalala chini kama tope. Chupa ikisimama kabatini na kumiminwa kwa mkono mtulivu, mashapo yanabaki chini na glasi inang'aa. Sasa itie chupa hiyo kwenye mfuko wa fimbo, uubebe begani, uuangushe kila shimo, uunyanyue tena. Ukifika shimo la tano una chupa ya matope yenye hasira. Ukiifungua, theluthi moja inamwagikia viatu, theluthi nyingine ni povu, na kinachobaki kina ladha ya unga wa mkate ambao haujaiva.

Watu huniuliza nachagua bia ya gofu kwa ladha gani. Nachagua kwa hamira. Kuna hamira zinazopenda kuelea na kuna zinazoshikana madonge na kukaa chini kwa nguvu, mpaka ukigeuza chupa zinabaki zimenata. Nyingi za asili ya Kiingereza ni za aina hii ya pili. Ninayotumia zaidi ni ile ya pakiti inayoitwa Safale S-04, ambayo wapikaji wengine huidharau kwa sababu haina maajabu. Mimi siitafutii maajabu, natafuta itulie. Baada ya majuma kadhaa mahali penye baridi, inajibana chini kiasi kwamba chupa inaweza kutikiswa kwa kiasi chake na bado ikamiminika ikiwa safi.

La pili ni gesi yenyewe. Kwa ndoo ya lita 23, mtu anayetaka bia ichangamke kama lager ya dukani ataweka sukari gramu 150 hivi wakati wa kujaza chupa. Ya gofu naiwekea 80 au zaidi kidogo, inatoka tulivu kama ile ya pampu ya mkono kwenye baa za huku. Mume wangu alilalamika mwanzoni kwamba imekufa. Hajalalamika tena tangu agundue kwamba unaweza kuinywa, ukainama, ukapiga mpira, bila tumbo kukurudishia majibu katikati ya pigo. Gesi nyingi na kiuno kinachozunguka havielewani.

Chupa zangu ni za plastiki ya kahawia, nusu lita. Sababu ya kwanza ni adabu: uwanja ule wanachezea watoto na mbwa, na chupa ya kioo ikivunjika pale unaacha hatari kwa mtu asiyekukosea. Pia unaweza kuibonyeza. Ikiwa laini, gesi bado. Ikiwa ngumu kama mpira wa tenisi, iko tayari, na ikizidi kuwa ngumu unailegeza kizibo kabla haijakulegezea wewe. Plastiki hupitisha hewa kidogo kidogo, kwa hiyo bia isikae humo miezi mingi, ila bia nyepesi haikupikwa ikae.

Rangi ya kahawia nayo ina kazi yake. Uchungu wa hopsi ukipigwa na mwanga wa jua unavunjika na kutengeneza kitu chenye salfa, harufu yake ni ya kicheche kabisa. Kioo cheupe hakizuii, cha kijani kinazuia kidogo mno, cha kahawia ndicho kinachosaidia. Bia yenye hopsi nyingi ukiimimina kwenye bilauri ya plastiki angavu na kuiacha juani huku mnatafuta mpira uliopotea, dakika chache tu zinatosha kuiharibu. Msinicheke mkisikia jua la Uskoti. Mwezi Juni linazama karibu saa nne usiku, kwa hiyo likiamua kuwaka linawaka kutwa. Basi tunakunywa kutoka kwenye chupa, au kwenye vikombe vya bati, na bia yenyewe ina hopsi chache.

Sasa nguvu. Huku pombe inahesabiwa kwa yuniti, na hesabu yake ni rahisi: mililita zidisha asilimia, gawanya kwa elfu moja. Nusu lita ya IPA yangu ni yuniti 3.25. Nusu lita ya bia ya asilimia 2.9 ni yuniti 1.45. Mwili wa mtu mzima, kwa makadirio ya kawaida, unaondoa yuniti moja kwa saa. Mzunguko wetu, pamoja na mabishano na kutafuta mipira, unachukua saa mbili na ushee. Mtu wa IPA mbili anafika mwisho akiwa na deni kubwa; mtu wa nyepesi mbili amechangamka tu. Na Bruntsfield si kiwanja chenye uzio. Kuna wanafunzi wamelala wanasoma, kuna mama anasukuma kigari cha mtoto kwenye njia inayokatisha, na mpira wa gofu ni mgumu. Kiangazi kimoja shemeji yangu alikuja na makopo ya dukani ya asilimia saba, na kuanzia shimo la kumi na kitu hivi tulikuwa hatuangalii tena bendera, tunaangalia kama kuna mtu mbele yake. Tangu hapo mwenye kubeba bia ni mimi. Anayekuja na gari hanywi kabisa, kwa sababu tangu Desemba 2014 kiwango cha Uskoti kwa dereva ni miligramu 50 katika mililita 100 za damu, wakati England wamebaki na 80, na watu wanaotoka kusini wanajisahau.

Aliyenipa jibu ni mzee wa ghorofa ya chini, Mskoti mstaafu ambaye harufu ya kimea ikishuka ngazi hupanda yeye. Nilimweleza ninachotaka: nyepesi, isiyohitaji barafu, isiyokasirika mfukoni. Akasema, bila kufikiri, shilingi sitini. Bia za Kiskoti zilikuwa zinaitwa kwa bei ya pipa katika karne ya 19: sitini ndiyo nyepesi, sabini ya kati, themanini nzito zaidi, na kuendelea. Sabini na themanini bado unaweza kuzikuta. Sitini ni nadra sana kuiona baa siku hizi, na mzee ananiambia ndiyo waliyokunywa wanaume wa kazi za suluba, waliohitaji kunywa kingi na kesho yake waamke.

Ajabu yake ni kwamba ingawa ndiyo dhaifu kuliko zote, mara nyingi ndiyo nyeusi kuliko zote. Rafiki yetu Mkenya, mtu wa Eldoret, alipoiona mara ya kwanza alirudi nyuma. Kwetu sisi bia nyeusi ni ya wenye kifua. "Dada, hii si ya kucheza nayo, nitashindwa kurudi nyumbani." Akanywa ya kwanza kwa tahadhari, ya pili kwa udadisi, kisha akaanza kuniuliza kama nimemwekea maji. Sikumwekea. Ila swali lake ni la haki, kwa sababu bia nyepesi ikipikwa vibaya ni maji yenye kumbukumbu ya bia. Kazi yote iko kwenye kuifanya ijaze mdomo bila kileo.

Ninavyofanya ni hivi. Kwa lita 23 natumia kama kilo tatu na nusu za kimea kwa jumla: kilo tatu za Golden Promise, shayiri ambayo Waskoti wanaijua vizuri, gramu 300 hivi za kimea cha kristali kwa ajili ya utamu wa sukari iliyoungua, na gramu 100 za shayiri iliyokaangwa mpaka nyeusi. Naloweka kwenye joto la nyuzi 69, si 65. Hizo nyuzi nne ndizo bia yenyewe. Kwenye joto la chini vimeng'enya vya kimea vinakatakata wanga kuwa sukari ambayo hamira inaila karibu yote, unapata bia kavu na yenye nguvu zaidi. Kwenye joto la juu vinaacha sukari ndefu ndefu ambazo hamira haiziwezi, zinabaki kwenye bia na kuipa uzito mdomoni. Haidromita, kile kipimo kinachoonyesha sukari iliyomo, inaanza 1.033 na kuishia 1.011 hivi, ambayo ni asilimia 2.9. Hopsi ni gramu 30 za Goldings tangu mwanzo wa kuchemsha, basi, hakuna za harufu mwishoni. Maji ya bomba ya Edinburgh ni laini, sihangaiki nayo sana. Hamira naiacha ifanye kazi kwenye nyuzi 17 au 18, na katika nyumba hii ya mawe hilo halihitaji mashine.

Bibi angecheka gramu hizi zote. Yeye alipima kwa kiganja na kwa kusikiliza pipa. Ila lile la kutoacha utamu wote uliwe angelielewa mara moja.

Kuna sifa ya shilingi sitini ambayo hainipi sababu ya kujisifu, maana ni ya bia yenyewe. Haijali kupata joto. Lager inayonywewa baridi inategemea ubaridi wake. Ikifika nyuzi 15 inabaki tupu na tamu tamu. Hii ya kimea, kwenye nyuzi 12 mpaka 15, ndipo inapofunguka: biskuti, kahawa kwa mbali, karanga zilizokaangwa. Kiwanjani sibebi barafu wala boksi la kupoozea. Natoa chupa kabatini, naifunga kwenye soksi ya sufi, na hewa ya Edinburgh inamalizia. Ungekuwa unacheza Dar es Salaam saa nane mchana ningekushauri tofauti kabisa, na ningekushauri maji kwanza.

Wamenijaribu na mapendekezo mengine. Bia ya tangawizi ilipendwa, lakini inaamsha kiu badala ya kuizima, na ile ya kwangu huwa haiachi kutengeneza gesi. Ya matunda huvuta nyigu. Mild, bia nyepesi ya Kiingereza ya asilimia tatu, ni ndugu wa karibu wa shilingi sitini na naipika mara kwa mara ninapochoka na ladha ile ile. Kuna waliosema nibebe mbege. Ulezi ninaupata kwenye maduka ya Wahindi, ndizi mbivu zipo, msesewe unakuja kwenye masanduku ya watu wema, na nimeipika hapa hapa jikoni, ikatoka vizuri kiasi cha kumfanya binamu yangu anyamaze. Lakini mbege ni ya kukaa. Inataka kata moja izunguke, mkubwa aanze, watu watazamane. Ukiinywa umesimama, upepo unavuma, huku mtu anakuharakisha kwa sababu ni zamu yako kupiga, hujanywa mbege, umekunywa uji mchachu.

Wasomaji mtaniuliza kama bia inamsaidia mtu kupiga vizuri. Haisaidii. Chupa ya kwanza inamlegeza anayekaza mabega, hilo nimeliona kwa mume wangu, na baada ya hapo kila chupa inachukua kidogo kutoka kwenye mkono na kuongeza kidogo kwenye mdomo. Ndiyo maana nafungua ya kwanza baada ya shimo la tisa na si pale tunapoanza, na mzigo wetu ni chupa mbili kwa kila mtu, hata kama kabatini zimejaa. Mzee wa chini yeye hunywa moja tu na kushinda karibu kila mara, kisha hupanda kwangu jioni kudai IPA, ambayo wakati huo, baada ya chakula, mikono ikiwa haina fimbo, ni bia bora kuliko zote nyumbani.

Kwa kiangazi kijacho mume wangu amekuja na wazo la bia ya ngano ya Kijerumani: imevurugika kwa makusudi, hamira inayoelea, gesi karibu mara mbili ya yangu. Nimemwambia apike yeye, abebe yeye, na ya kwanza aifungulie upande wa pili wa bendera.